Aliingia hospitali na nyonga, nimonia aliitoa wapi?

Msomaji mmoja wa safu hii alinitumia ujumbe ambao nimeusoma mara nyingi. Baba yake, mzee wa miaka 71, aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alilazwa siku ya Jumatatu akiwa anaongea vizuri, anakula na kutaniana na wajukuu. Akawa anasubiri zamu yake ya upasuaji. Kufikia Jumapili alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kuhema. Madaktari wakasema ana nimonia, na siku tatu baadaye akafariki dunia. Binti huyo hakuniuliza kitu kuhusu mifupa. Aliuliza jambo moja tu: baba aliingia na nyonga, hiyo nimonia aliitoa wapi?

Pole tena, dada yangu. Nilikujibu kwa kifupi siku ile, lakini swali lako ni la familia nyingi, na wengi hawapati mtu wa kuwajibu. Leo nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu kuna mgonjwa ambaye muda huu bado yuko kitandani, na kuna mtoto aliyerudi nyumbani juzi kutoka wodini. Hao bado tunaweza kuwasaidia.

Jibu linaanzia kwenye tarehe. Katika ugonjwa huu, siku mgonjwa aliyolazwa na siku dalili zilipoanza ni taarifa muhimu kwa daktari kama ilivyo picha ya kifua.

Nimonia ni nini?

Mapafu yameundwa na mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa. Kila unapovuta pumzi, vifuko hivyo hujaa hewa na oksijeni hupita kuingia kwenye damu. Vimelea vikifika huko na kuushinda ulinzi wa mwili, vifuko hujaa usaha na majimaji, na sehemu hiyo ya pafu haiwezi tena kupitisha oksijeni ipasavyo. Hiyo ndiyo nimonia. Wengi tunaiita homa ya mapafu, na wengine kichomi, kwa sababu ya maumivu ya kuchoma mbavuni mtu anapovuta pumzi.

Vimelea vinavyoileta ni bakteria, virusi na mara chache fangasi. Nasema hivi kwa sababu kila mwaka nakutana na ndugu wanaolaumu feni ya wodini, dirisha lililoachwa wazi usiku, au sakafu ya vigae ambayo mgonjwa aliikanyaga bila ndala. Mfunike mgonjwa wako ili asisikie baridi, ni jambo la huruma na ni sahihi. Lakini blanketi peke yake halizuii nimonia ya hospitali, na ukiishia hapo utakuwa umeacha mambo mengine ambayo yangemkinga.

Saa 48 zinazotenganisha

Madaktari tunaigawa nimonia kwa kuangalia mgonjwa alikuwa wapi alipoipata.

Ya kwanza ni nimonia ya mtaani. Hii mtu ameipata katika maisha yake ya kawaida: nyumbani, shuleni, kwenye daladala, kazini. Ndiyo iliyo nyingi zaidi.

Ya pili ni nimonia ya hospitalini. Hii ni ile inayoanza saa 48 au zaidi baada ya mgonjwa kulazwa, kwa mtu ambaye hakuwa nayo alipoingia, wala haikuwa tayari inachipua ndani yake.

Ya tatu ni nimonia ya mashine ya kupumulia. Hii humpata mgonjwa mahututi ambaye amewekewa mrija unaopita mdomoni hadi kwenye njia ya hewa, na huanza zaidi ya saa 48 baada ya mrija huo kuwekwa.

Chukua mfano. Mama amelazwa Jumatatu saa 4 asubuhi kwa ajili ya upasuaji wa kizazi. Akianza homa na kikohozi Jumanne usiku, kuna uwezekano mkubwa alikuja na vimelea hivyo kutoka nyumbani, ila vilikuwa bado havijajionyesha. Akianza Alhamisi, tunahesabu kwamba amevipata wodini. Sababu ya kusubiri saa 48 ni kwamba vimelea vikishaingia huhitaji muda wa kuzaliana kabla mwili haujaonyesha dalili. Mpaka huu umewekwa na wataalamu kwa makubaliano, ili hospitali zote zihesabu kwa namna moja. Mwili haufuati saa ya ukutani, kwa hiyo daktari anautumia mpaka huo pamoja na historia nzima ya mgonjwa.

Hapa watu wengi huchanganya. Mtoto aliyeletwa kutoka nyumbani akiwa tayari ana nimonia, kisha akalazwa siku 10, hana nimonia ya hospitalini. Ana nimonia ya mtaani iliyotibiwa hospitalini. Vilevile, mgonjwa aliyepata nimonia wodini na kwa sababu hiyo akazidiwa hadi kuwekewa mashine, anabaki katika kundi la pili, kwa sababu ugonjwa uliitangulia mashine.

Naomba pia nisieleweke kwamba mashine ya kupumulia ni hatari ya kukimbiwa. Huwekewa mtu ambaye bila hiyo angekufa. Tatizo ni kwamba mrija unapita mahali ambapo kwa kawaida koo hujilinda kwa kufunga na kwa kukohoa. Mate hukusanyika juu ya puto dogo linalouziba mrija, kisha hupenya taratibu kuelekea mapafuni. Ndiyo maana kila siku tunajiuliza kama mgonjwa anaweza sasa kuondolewa mrija.

Vimelea vya wodini

Kwa nini tusumbuke na makundi yote haya, wakati nimonia ni nimonia? Kwa sababu vimelea vyake havifanani, na dawa zake hazifanani.

Nimonia ya mtaani mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye nyumokokasi, pamoja na virusi mbalimbali. Wengi wa bakteria hao bado wanasikia dawa za kawaida. Kwa mtoto mwenye nimonia isiyo kali, amoksilini bado ndiyo chaguo la kwanza.

Wodini wapo wengine. Yupo Klebsiela, ambaye huishi kwenye utumbo na husafiri kwa mikono. Yupo Sudomonasi, ambaye hupenda sehemu zenye unyevu kama masinki na vifaa vyenye maji. Yupo Asinetobakta, ambaye anaweza kukaa hai kwa wiki kadhaa juu ya vyuma vya kitanda na meza kavu. Yupo pia Stafilokokasi sugu. Hawa wameishi mahali ambapo antibayotiki zinatumika kila siku, na waliobaki ni wale waliojifunza kuzikwepa. Dawa inayomponya mtoto wa jirani yako inaweza isiwafanye chochote.

Sasa wanafikaje mapafuni? Wengi hudhani vimelea huruka hewani kutoka kitanda cha jirani. Kwa virusi vya mafua hilo hutokea. Lakini kwa nimonia ya hospitalini, njia kuu ni fupi zaidi: inaanzia mdomoni mwa mgonjwa mwenyewe. Mtu akiugua sana, ndani ya siku chache bakteria waliozoea kukaa kinywani mwake hubadilika, na wale wa wodini huchukua nafasi. Wanafika kwa mikono yetu, kwa vifaa, kwa vyombo. Kisha mgonjwa anapolala, mate kidogo huteremka njia ya hewa. Mimi na wewe tukilala hutokea hivyo hivyo, lakini tukiwa wazima tunayatoa kwa kukohoa bila hata kujua. Mzee aliyelala chali wiki nzima, ana maumivu, amepewa dawa za usingizi na anaogopa kukohoa, hawezi.

Zamani tulizoea pia kugawa nimonia ya hospitalini kwa siku: ile inayoanza kabla ya siku ya 5 ilitarajiwa kuwa na vimelea vyepesi, na ile ya siku ya 5 na kuendelea ikatarajiwa kuwa na vimelea sugu. Kipimo hicho bado kinasaidia, lakini hakitoshi. Mgonjwa aliyepewa antibayotiki za mshipa majuma machache yaliyopita anaweza kuwa na vimelea sugu tangu siku ya kwanza.

Mtoto aliyenifundisha kuuliza

Nilikuwa daktari mchanga, zamu ya usiku. Mama mmoja alimleta mwanawe wa miezi 14, ana homa na anahema haraka, kifua kinabonyea ndani. Nilimuuliza homa ilianza lini, akasema jana. Nilimpima, nikaandika nimonia, nikaanza dawa zile tunazotumia kwa mtoto anayetoka nyumbani. Nilijiona nimemaliza kazi.

Siku ya tatu mtoto alikuwa mbaya zaidi. Jioni bibi yake alikuja kumpokea mama zamu ya kuuguza. Nilimwamkia, tukaanza kuongea, na katika maongezi akasema kwamba mjukuu wake amepata mkosi, maana hajamaliza hata wiki tangu atoke hospitali nyingine alikolazwa kwa kuharisha. Huko alikaa siku 6 na alichomwa sindano za antibayotiki. Alikuwa ametoka siku 4 kabla hajaletwa kwangu.

Tulichukua damu ikaoteshwa maabara, na dawa zikabadilishwa usiku uleule. Majibu yaliporudi yalionyesha Klebsiela asiyesikia dawa nilizoanza nazo. Mtoto alipona, baada ya wiki mbili zaidi kitandani na baada ya mama yake kukonda mbele ya macho yetu.

Mama yule hakunificha chochote. Nilimuuliza homa ilianza lini, akanijibu. Sikumuuliza mtoto alikuwa wapi kabla ya homa. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku ile swali hilo naliuliza kwa kila mgonjwa mwenye kikohozi. Lakini daktari aliyechoka saa 9 usiku anaweza kulisahau, kama mimi nilivyolisahau. Ndiyo maana nakuomba wewe mzazi uliseme hata usipoulizwa.

Kundi lililoundwa, kisha likaondolewa

Huenda unajiuliza mtoto yule alikuwa wa kundi gani. Homa ilimkuta nyumbani, kwa hiyo kwa hesabu ya saa 48 ni nimonia ya mtaani. Lakini kimelea chake kilikuwa cha hospitali.

Wataalamu walilitazama tatizo hili. Mwaka 2005, vyama vya madaktari wa mapafu na wa magonjwa ya maambukizi vya Marekani vilitoa mwongozo wenye kundi jingine: nimonia inayohusiana na huduma za afya. Humo waliingizwa watu waliougua wakiwa nyumbani lakini wana mguu mmoja hospitalini: aliyelazwa siku 2 au zaidi ndani ya siku 90 zilizopita, anayesafishwa damu kwa sababu ya figo, aliyepata antibayotiki za mshipa, dawa za saratani au huduma ya kidonda ndani ya siku 30, na anayeishi kwenye nyumba za kutunzia wazee. Hoja ilikuwa kwamba wote hawa waanzishiwe dawa kali za wodini.

Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba kapu hilo lilikuwa kubwa mno. Wengi waliowekwa humo walikuwa na vimelea vya kawaida tu, na kupewa dawa kali hakukuwaongezea uhai. Kulikuwa na hasara mbili: madhara ya dawa hizo kwa mgonjwa, na usugu zaidi kwa jamii. Mwongozo wa mwaka 2016 ukaliondoa kundi hilo, na ule wa mwaka 2019 wa nimonia ya mtaani ukasisitiza lisitumike tena.

Kilichobaki ni swali la mtu mmoja mmoja. Je, mgonjwa huyu amelazwa na kupata antibayotiki za mshipa ndani ya siku 90 zilizopita? Je, amewahi kuoteshwa kimelea sugu? Ndiyo au hapana ya maswali hayo mawili inaweza kubadili dawa ya kwanza, na mwenye majibu ni wewe, kwa sababu daktari wa zamu hajui mlikotoka.

Nani yuko hatarini zaidi?

Wazee, watoto njiti na wachanga, mgonjwa wa kiharusi anayemeza kwa shida, aliyepoteza fahamu, aliyepasuliwa tumbo au kifua, mvutaji wa sigara, mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, mwenye kinga ndogo ya mwili, na yeyote anayelala bila kugeuka kwa siku nyingi. Wanaotumia dawa za kupunguza asidi ya tumbo nao wanahusishwa na hatari hii, hivyo zisitolewe wala kuendelezwa bila sababu.

Kama mgonjwa wako yumo katika orodha hii, angalia mambo haya kila siku: homa mpya, kikohozi kipya, makohozi yaliyobadilika rangi na kuwa mazito, kuhema haraka kuliko jana, au maumivu ya mbavu. Kwa mzee, homa inaweza isiwepo kabisa. Dalili ya kwanza ikawa ni kukataa chakula, kusinzia mchana kutwa au kuanza kuongea vitu visivyoeleweka. Usiseme ni uzee. Mwambie muuguzi, na taja siku ilipoanza.

Daktari atamsikiliza kifua, atapima oksijeni kwa kifaa cha kidoleni, ataomba picha ya kifua, damu na inapowezekana makohozi ya kuotesha. Siyo kila homa ya wodini ni nimonia. Malaria, kidonda kilichooza, maambukizi ya mkojo na damu kuganda kwenye mapafu vinaweza kufanana nayo. Na daktari akiagiza oksijeni, tafadhali msiikatae kwa kuamini kwamba mtungi ukiletwa mgonjwa amekwisha. Wengi wanaokufa wakiwa na oksijeni waliicheleweshewa.

Unachoweza kufanya ukiwa unauguza

Hospitali zetu hutegemea ndugu kwa kazi nyingi za kando ya kitanda. Hii inakupa nafasi ya kumkinga mgonjwa wako.

Mlishe akiwa ameketi. Kosa ninalokutana nalo zaidi ni uji kumiminwa mdomoni kwa mgonjwa aliyelala chali. Mwinue, au pandisha kichwa cha kitanda kati ya nyuzi 30 na 45. Kama kitanda hakipandi, tumia mito. Mpe vijiko vidogo, msubiri ameze. Abaki ameinuka angalau nusu saa baada ya kula. Akiwa anasinzia, usimlishe, hata kama chakula umekisafirisha kutoka mbali. Akikohoa kila anapomeza, au sauti ikawa kama ina maji kooni, acha na mwite muuguzi. Mgonjwa wa kiharusi asipewe kitu mdomoni mpaka umezaji wake uangaliwe. Kama ameumia mgongo, shingo au nyonga, uliza kwanza namna ya kumwinua.

Mswakishe. Mgonjwa hubadilishiwa shuka, huogeshwa, lakini kinywa husahaulika kwa siku nyingi. Kwa kuwa njia kuu ya vimelea inaanzia kinywani, mswaki ni kinga ya mapafu. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba wagonjwa wanaopigwa mswaki kila siku hupata nimonia ya hospitalini kidogo zaidi, hasa walio kwenye mashine. Asubuhi na usiku, kwa mswaki laini na dawa kidogo. Meno ya bandia yatolewe na kusafishwa. Kwa asiyejitambua, kazi hii ifanywe na muuguzi au kwa maelekezo yake, ili maji yasiingie njia ya hewa.

Msaidie kukaa, kupumua na kukohoa. Akiruhusiwa kutoka kitandani, atoke, hata kwa hatua tano. Asiyeweza ageuzwe. Aliyepasuliwa tumbo akumbatie mto anapokohoa ili mshono usimuume sana. Na maumivu yakimzidi, seme, kwa sababu anayeogopa maumivu hakohoi wala havuti pumzi ndefu.

Nawa mikono kabla na baada ya kumgusa. Mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wa wodi ya wazazi mjini Vienna kunawa mikono kwa dawa, na vifo vya homa ya uzazi vikashuka sana. Hadi leo somo hilo halijatuingia vizuri. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilieleza kwamba kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja la hospitalini, ikilinganishwa na 7 katika nchi tajiri. Unaruhusiwa kumwomba daktari anawe kabla ya kumgusa mwanao. Sema kwa upole: samahani daktari, umeshanawa? Mimi nimewahi kuulizwa hivyo na mama mmoja. Nilikuwa sijanawa.

Punguza msafara. Kuona mgonjwa ni desturi yetu njema, lakini mwenye mafua abaki nyumbani apige simu. Usipite kitanda hadi kitanda ukishika mikono ya wagonjwa wote. Na barakoa ya oksijeni au ya mvuke ya jirani isiazimwe.

Chanja watoto. Chanjo dhidi ya nyumokokasi hutolewa bure kwa watoto wetu tangu mwaka 2013, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Haiwazuii kina Klebsiela, lakini mtoto asiyelazwa kwa nimonia ya mtaani hafiki wodini kukutana nao.

Mkisharuhusiwa kurudi nyumbani

Usitoke wodini bila karatasi ya kuruhusiwa. Kama maandishi hayasomeki, andika mwenyewe nyuma ya kadi ya kliniki mambo manne: tarehe ya kulazwa, tarehe ya kutoka, dawa alizochomwa, na kama kuna kipimo cha kuotesha kilichoonyesha kimelea. Tunza karatasi hiyo kwa angalau miezi mitatu. Mtoto au mzazi wako akipata homa na kikohozi ndani ya muda huo, itoe kabla hujaulizwa.

Usianze na dawa zilizobaki kabatini, wala usinunue antibayotiki duka la dawa kwa kukumbuka jina la zile za mara ya mwisho. Kwa mgonjwa aliyetoka wodini, dawa hizo zinaweza kuwa ndizo kimelea kilishazizoea. Akiandikiwa dozi, aimalize kama alivyoelekezwa. Nimonia nyingi za hospitalini hutibiwa kwa siku 7, na kurefusha bila sababu hakuongezi usalama.

Kwa mtoto, hesabu pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni kuhema haraka, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama kifua kinabonyea ndani, hanyonyi, anatapika kila kitu, amelegea au amepata degedege, usisubiri kupambazuke.

Je, ni nani wa kulaumiwa?

Namrudia dada aliyeniandikia. Neno "ya hospitalini" linaeleza mahali na muda. Halimtaji mkosaji. Kuna wagonjwa wanaopata nimonia hii hata pale ambapo kila mtu ametimiza wajibu wake, kwa sababu miili yao ilikuwa imechoka kabla. Wapo pia wanaoipata kwa sababu sinki la wodi halikuwa na sabuni, upasuaji ulichelewa, au hakuna aliyemgeuza mgonjwa kwa siku nne. Familia ina haki ya kumuuliza daktari mkuu wa wodi au ofisi ya malalamiko ya hospitali ni lipi lilitokea, na kuomba maelezo kwa mujibu wa faili. Kuuliza hivyo si utovu wa heshima. Hospitali inayohesabu nimonia zake inajua wapi pa kurekebisha.

Baba yako, kwa jinsi ulivyonieleza, alilala chali siku sita, ana maumivu, na mlikuwa mkimlisha uji mkimwinulia kichwa kwa mkono. Inaelekea vimelea vya wodini vilikaa kinywani mwake na vikateremka na mate au chakula. Mlimlisha kwa upendo, na hakuna aliyewaeleza. Hilo la kutowaeleza lilikuwa jukumu letu sisi watumishi wa afya, na ndilo nimejaribu kulilipa leo kwa kuchelewa. Uliniambia mama yenu naye amepangiwa upasuaji mwezi ujao. Nenda naye na mswaki, mito miwili, na kalamu ya kuandika tarehe.